Chokaa Ndani ya Sufuria ya Anti Chelo

Jumamosi iliyopita nilikuwa sokoni Blacktown, nimesimama mbele ya kibanda cha kijana mmoja mwenye ndevu za kuchongwa, anauza tamale. Kwa asiyezijua, ni unga wa mahindi uliokandwa na mafuta, ukatiwa nyama katikati, ukafungwa kwenye jani na kupikwa kwa mvuke. Moja dola kumi na mbili. Nikamwuliza, na nikichukua mbili? Akasema ishirini na nne. Nikamwambia ndugu yangu, hiyo si bei, hiyo ni jedwali la kuzidisha. Akacheka, akafunua sufuria anionyeshe ukubwa wa mali yake, mvuke ukanipiga usoni, na mimi nikasahau tulikuwa tumefikia wapi. Mimi! Wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo.

Ilikuwa harufu ya mahindi yaliyolala kwenye chokaa. Fikiria ukuta uliopakwa chokaa mpya halafu ukanyeshewa, na nyuma ya huo ukuta kuna mtu anapika uji. Nikaketi kwenye ngazi za duka la simu na mfuko wangu wa vitunguu, nikavihesabu vitunguu mara mbili ili nipate kitu cha kufanya na macho.

Nyinyi wa rika langu mliokulia upande huu wa magharibi wa jiji, mliokuwa mkiwasomea mama zenu bili za umeme kabla hamjaota meno ya mbele, mtanielewa. Tulikuwa tunaishi Toongabbie, ghorofa ya juu ya jengo la matofali mekundu karibu na reli, Mama na mimi tu. Baba alituacha kabla ya safari ya kutoka kambi ya wakimbizi. Habari zake si za leo. Mama alitunza wazee kwenye nyumba ya wazee, kwa shifti, na shifti hupewa aliye tayari. Simu ikilia asubuhi ukasema "sina wa kunishikia mtoto", inayofuata atapigiwa mwingine. Mama alinieleza hayo mapema, kwa kifupi: bila Anti Chelo hakuna shifti, bila shifti hakuna nyumba.

Anti Chelo alikaa chini yetu, mlango namba mbili. Alitoka Mexico, mji mdogo wa milimani, upande wa kusini, mdogo hivi kwamba, kwa maneno yake, basi likifika halina pa kugeuzia, linarudi kinyumenyume. Alikuwa mfupi, mnene, na nywele zake alizisuka mikia miwili kama mtoto wa shule. Sisi tulimpata kwa kugombana. Ilikuwa duka la Mkongo mmoja kule Blacktown, limebaki gunia moja la mahindi makavu meupe. Mama ameshika pembe moja, mwanamke asiyemjua, kumbe jirani yetu wa chini, ameshika pembe ya pili.

"Mwambie nimeshika kwanza," Mama akaniambia.

Nikatafsiri. Yule mwanamke akajibu kwamba yeye aliliona kwanza, tangu dirishani.

"Mwambie macho hayabebi gunia."

Mwenye duka akainua mikono. "Bamama, gunia iko moja tu. Ingine iko bado kwa meli. Mutanipasulia."

Mimi nikatazama gunia, nikatazama mikono minne. "Nusu kwa nusu," nikasema kwa lugha zote mbili. "Na wewe Papaa, kwa kuwa umetuuzia ugomvi, tupe na maharagwe ya nyongeza."

Tukapata maharagwe. Hiyo ndiyo biashara yangu ya kwanza. Tangu siku ile kila gunia lilikatwa nusu kwa nusu, na mimi nikawa sehemu ya mkataba: mahindi yanapanda kwetu, mtoto anashuka kwake. Waliongea Kiingereza cha kuunga kwa mikono, wakielewana kuliko watu wengi ninaowajua wanaoongea lugha moja. Mimi Anti Chelo aliniita "mija", binti yangu.

Kwake nilikula mshtuko mmoja baada ya mwingine. Kwanza majani ya dungusi, lile lenye miiba, analikwangua kwa kisu na kulikaanga na kitunguu, likateleza kama mlenda. Halafu mchuzi mweusi tititi uliotiwa pilipili na chokoleti ndani ya chungu kimoja, jambo ambalo nililiona ni ajali mpaka alipolirudia. Halafu panzi. Bakuli zima la panzi wa kukaanga, wekundu kwa pilipili, wamekamuliwa ndimu. Nilihesabu miguu ya mmoja, sita. Nikahesabu tena.

Sasa ujue, mimi shuleni nilikuwa nimeapa kwamba nyumbani tunakula piza. Mama alikuwa na mfuko wa kumbikumbi kwenye friji, aliletewa na mtu kutoka Kigoma, na mimi niliuficha chini ya mbaazi kila mgeni alipokuja. Nilipoona bakuli lile nilingoja Mama aje anichukue, nione atakavyokimbia. Mama akaingia na yunifomu yake, akatazama, akatia mkono, akatafuna. Akafumba macho.

"Kumbe hawa ni watu!" akasema.

Mshtuko wa Mama ulikuwa kwenye kuvu. Anti Chelo alipanda mistari miwili ya mahindi uani. Msimu ule yakaota yale mavimbe ya kijivu kwenye gunzi, makubwa kama vidole vya mtu aliyekufa maji, ndani yake masizi. Kwetu ukiyaona unang'oa mche na kuuchoma, na humwambii jirani. Yeye akayachuma akiimba, akayapika na kitunguu saumu, akasema kwao hilo huliwa siku mtu akiwa na bahati. "Mana yanje," Mama alinong'ona, Mungu wangu kwa Kirundi, "hawa wanakula hata ugonjwa." Akaonja, kwa heshima. Hakuomba ya pili.

Nawaeleza haya ili mjue sikuwa mtoto mwoga. Nilikula vyote. Na kwetu lazima uvimalize. Mama hakuruhusu chakula kibaki kwenye sahani. Alitoka mahali ambapo unga ulipimwa kwa kikombe, na kikombe kikipigwa kidole juu ili kusiwe na kilima. Ukiacha tonge, alikaa mbele yako kimya mpaka tonge likuonee huruma likashuka lenyewe.

Basi ilikuwa Ijumaa, joto limeanza, ile miti ya maua ya zambarau imeshachafua barabara yote. Nimetoka shule, nikamkuta Anti Chelo anatia mahindi yetu kwenye sufuria kubwa. Kazi hiyo huifanya nikiwa nimeshapanda kwetu. Mimi hukuta unga tayari. Siku ile alikuwa na haraka. Akachukua kopo la kahawa, akachota kijiko cha unga mweupe, akatia majini. Akachota tena. Mahindi meupe yakageuka njano mbele ya macho yangu, na ile harufu ikapanda.

"Ni nini hicho, Anti?"

"Chokaa, mija. Bila chokaa haiwi kitu."

Chokaa. Mimi kambi siikumbuki, nilitoka nabebwa mgongoni. Lakini Mama alipokuwa akisuka nywele za wenzake wa kanisani walikuwa wakiongea, na mtoto aliyelala kitini huwa hajalala. Chokaa niliijua. Kipindupindu kilipoingia, watu wa afya walipita na ndoo. Walimwaga chooni. Walimwaga mlangoni pa nyumba iliyopata msiba. Walimwaga juu ya maiti kabla ya udongo, na Mama alipofika hapo katika masimulizi aliacha kusuka. Kichwani mwangu mambo yakajipanga yenyewe: chokaa ni ya choo na ya kaburi, haina kazi ya tatu.

Na mimi nilikuwa nimekula unga wa yule mwanamke miezi mingapi? Nikahesabu kwa vidole. Nane. Nikarudia. Nane.

Kwa nini sikumwambia Mama? Nimeshawaeleza: bila Anti Chelo hakuna shifti. Nilipiga hesabu yangu kitandani, nikaona kati ya kufa mimi na kukosa nyumba wote wawili, bora nife pole pole, huenda nikazoea. Nilikuwa na miaka tisa, kwa mujibu wa karatasi. Darasani nilikuwa mdogo kuliko wote, mwalimu alinipanga mbele kila picha, na daktari alikuwa amemwuliza Mama kama ninakula vizuri. Mama alijibu ninakula sana. Nilipokumbuka hilo, nikajua sababu ya kutokua kwangu. Chokaa.

Asubuhi yake Mama akaondoka na shifti ya saa kumi na mbili, mimi nikashuka namba mbili na nguo za kulalia. Sebuleni palikuwa pamebadilika. Meza imefunikwa kitambaa cheupe, imejaa maua ya njano yenye harufu kali, mishumaa, mkate wa duara wenye vipande vya unga juu yake vilivyofinyangwa kama mifupa. Katikati pana picha ya msichana mwenye mikia miwili ya nywele. Huyo nilimjua kwa kusikia: binti wa Anti Chelo, alifariki kwao akiwa na miaka saba.

"Leo wanakuja watoto waliokufa," Anti Chelo akaniambia, kama mtu anayengoja wageni wa treni. "Kesho wakubwa. Wanakuja kula. Nakwenda dukani kwa Mfiji kuchukua majani ya mgomba, nikirudi tunasaga mahindi, tunafunga tamale. Kaa, usiguse mishumaa."

Akatoka. Nikatazama meza. Mbele ya picha palikuwa na sahani ndogo, tupu, inangoja. Pembeni yake sahani nyingine ndogo. Moja, mbili. Nikahesabu tena: moja, mbili. Lakini mtoto kwenye picha alikuwa mmoja.

Sahani ya pili haikuwa na picha. Ilikuwa na kipande cha karatasi kimekunjwa, kimesimamishwa kama hema. Nikakiinua. Kwa mwandiko wa kalamu ya bluu kulikuwa na jina langu.

Nilisoma herufi moja moja, zilikuwa sita, zote zangu. Sijui kama mmewahi kuliona jina lenu mahali pa wafu mkiwa mnapumua. Masikio yanaziba. Nakumbuka friji lilikuwa linanguruma na mimi nikawa nahesabu ngurumo zake. Kumbe nilikuwa nimealikwa. Binti yake ana upweke, nimetafutwa mimi wa kumpeleka mwenzake, na chakula cha safari kiko jikoni kimelala kwenye chokaa.

Sufuria ilikuwa nzito kuliko mimi. Niliiburuta kwa kitambaa mpaka mlango wa uani, nikaipindua. Mahindi yakamwagika kwenye saruji na majani, maji ya njano yakaenda zake kwenye mtaro. Nikakaa juu ya sufuria tupu. Halafu wakaja wale ndege weupe wenye midomo mirefu, wanaofukua mapipa ya taka. Wakaanza kula. Nikawatazama nione watakavyoanguka. Saba. Nikawahesabu tena, saba. Nikangoja. Wakala, wakajisaidia, wakaongezeka wakawa kumi na mmoja. Hakuna aliyeanguka. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, maana kama ndege hawafi, basi nimefanya nini?

Anti Chelo alinikuta hapo, majani ya mgomba yako begani mwake kama mkeka. Hakupiga kelele. Angepiga ningejua la kufanya. Aliyashusha majani, akaketi kizingitini, akaokota punje moja ya hindi, akaimenya ganda kwa ukucha.

"Yanalala usiku kucha, mija," akasema. "Leo siwezi tena kuyalaza. Leo ndiyo siku yenyewe. Atakuja atakuta sahani tupu."

"Umetia chokaa," nikasema.

"Ndiyo."

"Chokaa ni ya maiti."

Nadhani alinielewa nusu, na nusu ile ilimtosha. Akaanza kufagia, anafukuza ndege kwa ufagio, machozi yanamtoka bila uso kubadilika. Sikuwahi kuona mtu mzima analia huku anafanya kazi.

Mama akarudi saa tisa na nusu. Alimkuta Anti Chelo amekaa, mimi nimejibanza nyuma ya mlango, na uani punje zimebaki kwenye nyufa. Mama aliangalia chini kwanza.

"Nani amemwaga chakula?"

Anti Chelo akakunja pindo la aproni.

"Nimeuliza. Nani. Amemwaga. Chakula."

"Alitaka kuniua!" nikapiga kelele. "Ametia chokaa! Amenitengea sahani na wafu, jina langu liko pale mezani, nenda ukaone! Wamenihesabu!"

Nilingoja mkono wa Mama, kwa kofi au kwa kunikumbatia. Havikuja vyote viwili. Mama aligeuka akamtazama Anti Chelo, Anti Chelo akatazama sakafu, na mimi, mtoto wa sokoni, nikasoma nyuso mbili zilizokuwa na mkataba nisioujua.

"Si yeye aliyeandika," Mama akasema. "Ni mwandiko wangu."

Ile kalamu ya bluu. Kalamu ya kazini kwake.

Mama aliketi na viatu vyake vya kazi, akaongea Kirundi kidogo, Kiswahili kidogo, bila kunitazama. Kabla yangu palikuwa na mwingine. Msichana. Aliishi miezi minane. Kipindupindu kilimchukua kwa siku mbili, zahanati ikamfunika, wakamwaga chokaa, wakamzika, na zahanati haikuongea na ofisi ya kadi za chakula. Kadi ya mgao ilikuwa na watu watatu, na ndiyo iliyokuwa imeshaingia kwenye majina ya safari ya kuja huku. "Ningesema amekufa, wangetuhesabu upya. Wakituhesabu upya, tunarudi mwisho wa foleni. Nikanyamaza. Mwaka ukapita, ukazaliwa wewe. Mahali palikuwepo. Jina lilikuwepo."

"Langu?"

"Lake," Mama akasema. Halafu, taratibu, "Lenu."

Nimeuza na kununua vitu vingi maishani, lakini sijawahi tena kusikia bei iliyosemwa kwa sauti ndogo namna ile. Kwa hiyo sikuwa na miaka tisa. Nilikuwa na saba na kitu. Sikuwa mtoto aliyedumaa kwa chokaa, nilikuwa mdogo tu, nimevaa umri wa mtu mwingine kama koti la kurithi. Mpaka leo nikijaza fomu, kwenye tarehe ya kuzaliwa kalamu husimama kidogo. Karani hudhani nimesahau.

"Nikiweka sahani kwangu, kanisani watasema nalisha mizimu," Mama akamwambia Anti Chelo, nami nikatafsiri, maana hata siku ile kazi ilikuwa kazi. "Ndiyo maana nilikuomba uiweke kwako. Sikujua ataishika karatasi. Nisamehe mahindi ya mwanao."

Anti Chelo akafuta pua kwa aproni. "Mwambie," akaniambia, "mwanangu ni wa miaka saba, anaweza kuvumilia. Wako ni mchanga. Wachanga hawawezi kungoja. Alikuwa anakula nini?"

"Uji," Mama akasema. "Alikuwa ndiyo ameanza uji."

Nilipotafsiri, nikaonyesha kwa mkono: unga wa mahindi, maji, koroga, kunywa. Anti Chelo akainuka kama aliyechomwa sindano. Kwao upo! Unaitwa atole, watoto wote wanakuzwa nao, binti yake asubuhi hakunywa kingine. Mama akapanda juu mbio, akarudi na unga wetu kwenye bakuli. Wakasimama jikoni bega kwa bega wakigombania mwiko. Mama anasema sukari tu, Anti Chelo anasema mdalasini, wananitumia mimi kutukanana kwa adabu. Walimalizia kwa sufuria mbili ndogo. Mimi nilipewa kukoroga zote, mkono huu na mkono huu, na hakuna aliyeniambia nimesamehewa. Nadhani ndiyo ilikuwa namna yao ya kuniambia.

Vikombe viwili vikawekwa mezani, mvuke unapanda mbele ya maua. Mama alisimama mlangoni, hakuikaribia meza, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kuangalia nyumba ya kupanga. Lakini hakuondoka.

Jumapili, baada ya kanisa, tulishuka. Anti Chelo alieleza kwamba wafu hula harufu tu. Kinachobaki lazima kiliwe na watu wa nyumba yao, kukimwaga ni kuwatukana. Yeye akachukua kikombe cha binti yake, akanywa hadi mwisho. Kile cha pili Mama alikitazama, akakipokea kwa mikono miwili, akanigeuzia mimi.

"Kunywa."

Kilikuwa kimepoa, juu kimeshika utando. Nilikunywa nikihesabu mafunda, manne, hayakuwa na ladha yoyote ya kutisha, yalikuwa uji. Nilipofika katikati nikasimama. Nikakirudisha mezani, mahali pake, kando ya karatasi yenye jina.

"Nusu kwa nusu," nikasema.

Nikangoja Mama akae mbele yangu, kimya, mpaka kiishe. Mama akachukua sahani ndogo ile, akakifunika kikombe, akaniambia tupande, kesho kuna shule.